Ncha ya Sikio la Kushoto

Saa kumi na moja alfajiri Soko la Kibuye
bado limejifunika maturubai,
nami nimechuchumaa nyuma ya banda la mitumba
nikimsubiri paka asiyenipenda
aingie sanduku la waya
kwa ajili ya mgongowazi.

Kichwa cha mbuta, miiba, mafuta yaliyoganda.
Rispa Awuor wa kikaangoni ameniwekea tangu jana
ndani ya gazeti. "Ya paka wako," akasema.
Si wangu. Ndilo jambo lenyewe. Si wa mtu.

Niseme kabla mwingine hajanisemea:
mwaka ule wa mafuriko mimi ndiye niliyepewa chupa.
Kamati ya soko ilikaa, ikapiga kura, ikanunua dawa,
na Ogwel wa fagio akatumwa usiku kugawa minofu.
Asubuhi nilihesabu thelathini na wanane,
nikawapakia mkokotenini
pamoja na maganda ya ndizi.
Mmoja alikuwa na maziwa.
Siku mbili nilisikia vitoto chini ya mbao za Mama Nabwire.
Siku ya tatu sikusikia.

Tukasema soko limepumua.
Panya wakatoboa magunia ya njugu,
wakala kamba, wakala sabuni,
na kabla ya mavuno kuingia wakaja paka wengine,
kutoka Manyatta, kutoka relini, kutoka sijui wapi,
wakorofi, wagomvi, wakizaa
kana kwamba walisikia kuna nafasi za kazi.
Penye chakula hapakai wazi, bwana.
Hilo nilifunzwa na panya, si na kamati.

Daktari Khavere wa makao ya wanyama
alikuja na daftari, viatu vya mpira, hana haraka.
Hakuniuliza niliua wangapi.
Aliuliza: walio hai wanalala wapi?
Akanifunza kufunika mtego kwa blanketi,
maana giza humtuliza asiyejua mkono wa mtu.
Akanifunza kwamba kitoto cha wiki sita huzoea paja,
kitapata nyumba, kitapata jina;
lakini shume aliyezeeka sokoni
ukimfungia kizimbani na kumwita mwokovu,
unamuua tu kwa huruma, taratibu.

Kacha!

Ameingia. Shavu limechanika, mkia una kona.
Wachuuzi humwita Askari Kanjo:
hupita kila asubuhi, huchukua, halipi.
Nimemfunika. Amenguruma mara moja
kisha akanyamaza, kama kesi iliyoahirishwa.

Kuhasiwa kwake hakukufika nusu saa.
Sindano ya usingizi, ya kichaa cha mbwa, uzi kidogo,
na ncha ya sikio la kushoto ikakatwa, imenyooka kama rula,
ili nisije nikamtega tena mwakani kwa kusahau.

"Na sasa mnamrudisha!" Mama Nabwire ameshika kiuno.
"Mwizi ametibiwa, amerudishwa dukani!"
Mama, huyu atalinda kona yake.
Wageni atawafukuza, panya atawala,
watoto hataongeza.
"Na samaki wangu?"
Samaki wako, mama, funika.
Amecheka bila kutaka.

Daftari langu lina paka arobaini na mmoja.
Ishirini na tisa wamekatwa sikio.
Yuko mmoja wa kijivu anayekula chambo
kwa kunyoosha mkono kutoka nje, mlango ukibaki wazi,
kisha hujilamba mbele yangu. Huyo tutaonana.

Nimeinua mlango.
Askari Kanjo hakuaga. Amekata katikati ya vikapu vya omena,
moja kwa moja, chini ya mbao zile zile.

Husemwa mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Nimeinama soko zima, kibanda kwa kibanda,
nina vumbi la magotini la miaka minne.
Pale tu, kwa Nabwire,
husukuma chakula kwa ufagio
nikiwa nimesimama.